Ganda la Risasi na Njia ya Nyanda za Juu

Msafiri apandaye mlima wa Kitonga kutoka bonde la Ruaha hupokewa na hewa nyingine. Joto la bondeni hubaki nyuma, mibuyu hupungua, na mbele yake hufunguka nchi ya juu yenye upepo mkavu na mbingu pana. Kutoka hapo hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 za barabara ipitayo Iringa, Mafinga, Makambako, Chimala na Uyole. Wengi waliopita njia hii husimulia chai ya Mufindi, misitu ya misonobari ya Sao Hill, na baridi ya mwezi wa Julai ambayo humfanya mtu wa pwani ajute kuacha blanketi lake nyumbani.

Safari yetu, ndugu msomaji, ilifuata kitu kidogo kuliko hivyo vyote, nacho ni ganda tupu la risasi ya bunduki. Tulitaka kujua ganda lililokwisha kupigwa lina thamani gani, na ni kwa dalili zipi mtu ajuaye kazi hutenga lile liwezalo kujazwa tena na lile ambalo likijazwa litamgeukia mpigaji mwenyewe. Huenda likaonekana ni swali la mafundi na wawindaji peke yao. Hata hivyo, katika Nyanda za Juu za Kusini swali hilo limewahi kusimama mbele ya majeshi, na jibu lake limelipwa kwa damu ya watu na kwa shingo za wapagazi.

KIASI CHA BUNDUKI

Waswahili wa zamani walikuwa na jina zuri la risasi kamili kabla haijapigwa. Waliita kiasi cha bunduki. Jina hilo lina maana yake, kwa kuwa ndani ya ganda moja mna kila kitu kwa kipimo chake: fataki kitakoni, baruti tumboni, na risasi yenyewe mdomoni. Kabla ya hapo mwenye gobore alibeba baruti katika pembe, akaimimina mtutuni kwa kukadiria, akashindilia, akatia goroli la risasi, ndipo akaweka fataki. Ganda la shaba liliyakusanya hayo yote mahali pamoja, na kazi ya nusu dakika ikawa kazi ya kufumba na kufumbua.

Kiasi kimoja kikipigwa, vitu vitatu hutoweka. Fataki hufa, baruti huungua na risasi huenda zake. Ganda peke yake ndilo linalobaki, likiwa bado na joto, na ndilo sehemu iliyo ngumu kuliko zote kutengenezwa. Limefinyangwa kwa shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu una tabia mbili zinazohitajika kwa pamoja. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuziba chemba ya bunduki hata moshi na moto visirudi nyuma. Kisha hujirudi kidogo ili liweze kuchomolewa. Lisipotanuka, moto humrudia mpigaji. Lisipojirudi, hukwama na bunduki huwa rungu.

LUGALO, 1891

Kabla ya kufika mjini Iringa barabara hupita Lugalo, mahali penye mnara wa kumbukumbu ambao mabasi huupita kwa kasi. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa mwana wa Munyigumba yalivamia msafara wa jeshi la Wajerumani uliokuwa ukiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimpa jina la Nyundo. Zelewski aliuawa pamoja na Wajerumani wenzake tisa, askari wapatao 250 na wapagazi karibu 100. Shambulio lilikuwa la ghafula kiasi kwamba askari wengi hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya risasi moja au mbili kabla ya mkuki kuwafikia.

Wahehe walitwaa hapo bunduki zipatazo 300, mizinga mitatu na risasi nyingi. Bunduki zile zilikuwa Mauser za mtindo wa 1871, zenye tundu la milimita 11, zikitumia baruti nyeusi ndani ya ganda la shaba lenye urefu wa milimita 60. Zilikuwa silaha nyingi kutekwa kwa pigo moja.

Lakini hapa ndipo ganda linapoanza kusema. Mwenye gobore aliweza kuishi kwa biashara ya misafara. Baruti ya pipa ilinunuliwa, goroli liliweza kufuliwa na mhunzi, na likikosekana, hata kokoto ilitumika. Mauser haikubali hayo. Inadai ganda la umbo lake, fataki ya kipimo chake na risasi inayokaa sawasawa mdomoni. Kila risasi iliyopigwa kutoka katika akiba ya Lugalo ilikuwa imepungua, na hapakuwa na kiwanda upande huu wa bahari cha kuirudisha. Mtwa alikuwa ameteka bunduki za adui, lakini ghala la kuzilisha lilibaki Ulaya.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, boma la Kalenga lilianguka mbele ya mizinga ya Wajerumani. Washindi walikuta humo baruti nyingi, na baadhi ya silaha zilizokuwa zimetwaliwa Lugalo. Sababu za kuanguka kwa Kalenga ni nyingi na wanahistoria wamezieleza. Sisi tunalitaja hili moja kwa kuwa mara nyingi husahaulika. Baada ya hapo Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne, hadi alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 huko Mlambalasi, magharibi ya Iringa, ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulidai lirudishwe, na hatimaye likarudi Kalenga mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la nchi yetu. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini, na msafiri hapaswi kupita Iringa bila kufika pale.

MKEKANI, MAFINGA

Tukiwa Mafinga, mji wa mbao na wa moshi wa asubuhi, tulielekezwa kwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kambi za uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa. Wawindaji wa kigeni, wengi wao, huwa hawaachi maganda yao porini. Huyaokota moja moja na kuyarudisha makwao, ambako sheria zinawaruhusu kuyajaza tena kwa mashine ndogo za mezani. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akiwachambulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene."

"Kamwene, baba. Tumeambiwa unajua kusoma maganda."

Alicheka, akatandika mkeka barazani, akamwaga maganda machache kutoka katika kopo la zamani la maziwa. Yote yalikuwa yamefinywa midomo kwa koleo. Alitueleza kwamba ameyafinya mwenyewe ili yabaki ya kufundishia tu na yasije yakamtia mtu tamaa. Kisha akaanza kuyatenga mafungu matatu bila kusema neno: yafaayo, ya kupimwa, na ya kutupa.

"Unaanza na lipi, baba?"

"Naanza na kitako. Ganda ni kama mgeni, mwanangu. Kwanza muulize atokako."

Kitakoni mwa kila ganda mmepigwa chapa. Yako maganda yenye jina la kiwanda na aina ya bunduki. Yako ya kijeshi yenye herufi na mwaka tu. Herufi K, mathalan, ilikuwa ya kiwanda cha Kynoch cha Birmingham. DM ilikuwa ya kiwanda cha Karlsruhe, Ujerumani. Mzee hachanganyi chapa mbili katika fungu moja. Unene wa ukuta wa ganda hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, na ganda nene lina nafasi ndogo zaidi ndani. Baruti ileile inayotosha katika ganda jembamba huweza kuzidi katika nene, na bunduki haina huruma kwa aliyekosea kipimo.

Pili alitoa sumaku ndogo aliyoifunga kwa uzi, akaipitisha juu ya fungu. Ganda moja liliruka na kung'ang'ania. Hilo lilikuwa la chuma lililopakwa rangi kama shaba, na akalitupa pembeni. Chuma hakina ule unyumbufu wa shaba wa kutanuka na kujirudi mara kwa mara.

Tatu aligeuza shingo ya kila ganda kuelekea jua. Shingo ndiyo inayoshika risasi, na kila mara inapopigwa na kuminywa tena irudi katika umbo lake, shaba huzidi kuwa ngumu. Ikizidi ugumu hupasuka kwa ufa mwembamba kama unywele. Mafundi huweza kuilainisha kwa moto mdogo, wakipasha shingo na bega peke yake.

"Na kitako je, hakipashwi?"

"Ole wako!" alisema. "Kitako ndicho kinachobeba nguvu yote. Ukikilainisha, umejifungulia mlango wa tanuru usoni pako. Ganda lililopita katika moto wa jikoni au wa pori lililoungua, usiliulize habari zake. Tupa."

Nne alichukua waya mwembamba uliopindwa ncha kama ndoano, akaonyesha jinsi ulivyokuwa ukiingizwa ndani na kukwaruzwa taratibu ukutani kuelekea kitako. Juu kidogo ya kitako, chini ya sentimita moja, ndipo ganda hunyooka na kuwa jembamba kila linapopigwa. Kwa nje huonekana mviringo unaong'aa kama pete; kwa ndani waya hutumbukia katika kijifereji. Ganda la namna hiyo limekwisha kukatika moyoni, na likipigwa mara moja zaidi kitako chake kitatoka peke yake na kiwiliwili kitabaki ndani ya chemba. Maganda ya .303 ya Waingereza, alisema, yana ugonjwa huu zaidi ya mengine. Chemba za bunduki zile zilitengenezwa kwa nafasi kubwa ili zivumilie matope ya vitani, na ndani yake ganda hunyooka kupita kiasi.

Tano ni tundu la fataki. Fataki mpya hupaswa kuingia kwa kusukumwa kwa nguvu kiasi. Ikiingia bila ukinzani, tundu limepanuka, na hiyo ni dalili kwamba ganda limewahi kupigwa kwa baruti iliyozidi. Weusi wa moshi kuzunguka fataki ya zamani, au fataki iliyobonyezwa ikawa bapa kama sarafu, husimulia jambo lilelile.

Sita ni rangi. Ganda lililofifia likawa la kahawia si lazima liwe bovu, kwani huo ni uzee wa kawaida wa shaba. Kutu ya kijani iliyokula hata ikaacha vishimo ni ubovu. Ubaya zaidi ni madoa mekundu au ya waridi, kwa kuwa hapo zinki imekwisha kutoka na kilichobaki ni shaba nyekundu yenye vinyweleo, isiyo na nguvu. Na kinyume chake, ganda linalometa kama pete ya bibi arusi huenda limesuguliwa ili kuficha aibu zake.

"Wengi hudanganywa na kumeta," alisema mzee. "Mimi nimepata kukataa debe zima la maganda mazuri ya kutazama. Ulipoingia waya, kila la tatu lilikuwa na fereji."

Tukamuuliza iwapo maganda yaweza kuharibika bila kupigwa. Akatuonyesha zizi la ng'ombe nyuma ya nyumba, akasema katika kambi zao ilikuwa marufuku kuweka sanduku la risasi karibu na banda la mnyama. Mzee aliijua kanuni hii kwa mazoea, na sayansi inamuunga mkono. Katika karne ya 19 jeshi la Waingereza huko Uhindi liliona maganda ya shaba yakipasuka ghalani yenyewe wakati wa masika, hasa yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Baadaye, katika mwaka 1921, wataalamu walieleza kwamba amonia itokayo katika mkojo wa wanyama, ikikutana na unyevu na shaba iliyofinyangwa ikabaki na mvutano ndani yake, huifanya ipasuke. Mkulima wa Mufindi mwenye bunduki halali na zizi la ng'ombe ana jambo la kuzingatia hapo.

Mwisho mzee alitaja urefu. Shaba hutiririka kuelekea mdomoni, na ganda lililorefuka hubana risasi mahali pasipotakiwa. Hupimwa, hukatwa, na hatimaye likichoka hutupwa. Alisema anayejaza maganda sharti aandike kila fungu limepigwa mara ngapi, na ganda lisilo na historia lihesabiwe limezeeka. Alipomaliza, fungu la kutupa lilikuwa kubwa kuliko yale mawili yakiwekwa pamoja.

VITA VYA 1916

Katika wilaya ya Mufindi iko Malangali, inayojulikana na wengi kwa shule yake kongwe. Mwezi Julai 1916 ilikuwa uwanja wa mapigano. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalikuwa yameingia kutoka Nyasa na Rodesia ya Kaskazini, yakatwaa Tukuyu mwezi Mei, yakawashinda Wajerumani Malangali, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Miezi michache baadaye jeshi jingine la Wajerumani, likiongozwa na Jenerali Wahle, lilikuja kutoka Tabora likijaribu kupenya na kuungana na wenzao. Kulikuwa na mapigano kuzunguka Iringa na Lupembe, na mwezi Novemba kikosi chake kimoja kilijisalimisha Ilembule, mahali ambapo leo ni mkoa wa Njombe.

Jeshi lile la Tabora lilitoka katika mji uliokuwa umejua thamani ya shaba iliyotumika. Nchi ilikuwa imezingirwa na manowari za Waingereza, fedha za sarafu zilikuwa haba, na mwaka 1916 Wajerumani waligonga sarafu za heller 5 na heller 20 katika karakana ya reli karibu na Tabora. Sehemu ya shaba yake ilitokana na maganda ya mizinga na ya risasi. Ganda lililokuwa limeua asubuhi liliweza hivyo kununua muhogo jioni.

Lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kutokea pwani. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojificha kwa jina la Kronborg, iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa na shehena ya bunduki na risasi. Manowari ya Waingereza iliikuta na kuipiga, ikazama katika maji mafupi. Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya shehena ile, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo zilivyozidi kugoma. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi ilivyobidi kuzifungua, kusafisha baruti, na kuweka fataki nyingine pale zilipopatikana. Kazi hiyo ilichukua miezi. Kisha risasi ziligawanywa kwa kadiri ya kugoma kwake. Zile nzuri zisizo na shaka ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha, zile zilizogoma takriban asilimia 20 zilipelekwa vitani, na zilizo mbaya zaidi zikawa za mazoezi.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya askari wa Kimanyema au wa Kinyamwezi aliyepewa risasi ambazo mkubwa wake alijua kwamba moja katika kila tano haitatoka. Hakuna aliyemuuliza iwapo anakubali hesabu hiyo.

Tofauti na maganda ya wawindaji wa Rungwa, maganda ya vita vile yasingemfaa mtu wa kuyajaza hata kama yangebaki mazima. Ukichungulia ndani ya mengi ya kijeshi ya wakati ule, ya Kiingereza na ya Kijerumani, utaona vitundu viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa katikati. Huo ni mtindo wa Berdan, na fataki yake iliyokufa haitoki kwa kusukumwa na sindano kutoka ndani; hubidi kunyofolewa kwa nje kwa shida. Jambo la ajabu ni kwamba Berdan alikuwa Mmarekani, na mtindo wake ukashika Ulaya. Boxer alikuwa Mwingereza, na mtindo wake wa kitundu kimoja ukashika Marekani.

UZITO KICHWANI

Risasi moja kamili ya .303 ina uzito wa gramu 25 hivi. Elfu moja ni kilo 25, nao ndio ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Katika njia hizi za Uhehe, Ubena, Usangu na Unyakyusa hapakuwa na reli wala malori ya kutosha. Kila kiasi cha bunduki kilichopigwa hapa na upande wowote kilifika kikiwa kichwani mwa mtu, mara nyingi mtu aliyechukuliwa kwa nguvu wakati wa kilimo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile kwa njaa, kuhara na homa, wengi wao bila kaburi lenye jina.

Mwezi Oktoba na Novemba 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilipita tena Nyanda hizi likielekea Rodesia ya Kaskazini, na likaweka silaha chini Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Orodha ya silaha zilizokabidhiwa inafundisha. Zilikuwamo bunduki 1,071, zote za Kiingereza na za Kireno, na risasi zipatazo 208,000. Haikuwamo hata bunduki moja ya kisasa ya Kijerumani. Bunduki za Ujerumani zilikuwa zimeachwa njiani moja baada ya nyingine, kwa kuwa risasi zake zilikuwa zimekwisha na za adui zilipatikana kwa kuteka. Jeshi lililoanza vita na bunduki zake lilimaliza na bunduki za wengine, likifuata risasi popote zilipokuwa. Na risasi zile 208,000, kwa hesabu ya mzigo wa mtu, ni vichwa karibu 200 vya wapagazi.

Mkwawa alikutana na kanuni hiyo mwaka 1891, na Wajerumani waliomshinda wakaionja wenyewe kabla ya miaka 30 kupita. Bunduki hufuata ganda, na asiyeweza kutengeneza wala kujaza ganda huazima nguvu zake kwa mwingine.

SHABA IPITAYO MBEYA

Uyole humpokea msafiri kwa milima pande zote, na kwa salamu nyingine. "Ugonile," husema mama muuza ndizi, na jibu lake ni "Ndaga." Mji wa Mbeya ni mchanga kuliko Iringa, kwani ulianza mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa. Lakini leo madini yapitayo hapa kwa wingi ni mengine. Malori yatokayo Tunduma hubeba vibamba vya shaba nyekundu kutoka Zambia na Kongo kwenda bandarini Dar es Salaam, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 ikiwa na urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kwa shabaha hiyohiyo. Sehemu 70 katika 100 za kila ganda la shaba hupita mbele ya macho ya wana Mbeya zikiwa ghafi, na nyingi kati yake hufanyiwa kazi ng'ambo.

Nchi yetu haikubaki pale alipobaki Mtwa. Katika miaka ya 1970 liliundwa Shirika la Mzinga huko Morogoro, kiwanda cha umma kinachotengeneza risasi. Kwa msomaji aliyefuatana nasi tangu Lugalo, umuhimu wa kiwanda kama hicho hauhitaji hotuba.

Ama kwa mtu binafsi, sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu kutengeneza risasi bila kibali. Haya tuliyoyaandika si ruhusa ya kuanza karakana chini ya kitanda. Yatamfaa mwenye leseni kukataa risasi za kuokoteza ambazo mtu humletea kwa bei rahisi, akiapa kwamba ni nzima kwa kuwa zinang'aa. Akitazama kitako, shingo, ile pete iliyo juu ya kitako, na rangi, ataona mwenyewe.

Na yatawafaa wazazi wa vijiji vilivyo karibu na viwanja vya vita vya zamani, ambako jembe huweza kuibua shaba. Wengi huwafundisha watoto kwamba fataki ikiwa na kidonda cha sindano, risasi imekufa. Hilo si kweli. Risasi iliyogoma nayo ina kidonda hichohicho, na baruti yake bado imo ndani. Mtoto akikuta kitu cha shaba chenye risasi mdomoni, asikigonge, asikitie motoni, asikilete nyumbani. Aweke alama mahali pale, mkubwa akatoe habari kwa ofisi ya kijiji au polisi. Hata ganda tupu la zamani ni afadhali libaki lilipo hadi watu wa makumbusho walione, maana mahali lilipolala husema nani alisimama pale na alielekeza mtutu upande gani. Likiokotwa na kuuzwa kwa kilo pamoja na chuma chakavu, habari hiyo huyeyushwa pamoja nalo.